Je, Wajua? Mambo Yanayoifanya Intaneti Yako Isubiri

Wajua kwamba Oktoba 1986 intaneti iliganda, na aliyeigandua hakuvuta hata mita moja ya waya mpya? Kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California pale Berkeley, umbali wa mita kama 365, kasi ilianguka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi 40. Arobaini! Hizo ni herufi tano kwa sekunde; mpiga chapa hodari angeipita.

Mtafiti Van Jacobson akaichunguza njia hiyo, akakuta kompyuta zinatuma upya pakiti, yaani vifurushi vya data, ambazo zilikuwa zimechelewa tu, na kila zikirudia zinazidi kuijaza. Akaziwekea utaratibu: anza kidogo, ongeza polepole, ukiona pakiti zinapotea punguza. Aliuchapisha mwaka 1988, na simu iliyo mfukoni mwako bado inaishi kwa adabu hiyo.

Na wajua kwamba Jacobson huyo huyo alikuwemo katika kundi la Google lililotoa BBR mwaka 2016, utaratibu mpya wa kupima njia badala ya kungoja pakiti zipotee? Miaka 28 imepita, mtu yule yule, tatizo lile lile! Tena anayehitaji kuiwasha ni seva inayotuma tu. Wewe unayepokea unakaa kimya na kufaidi.

Sasa shika hii. Kwa miaka mingi kompyuta iliruhusiwa kupokea baiti 65,535 tu, kisha mtumaji anasimama mpaka arudishiwe jibu la "nimepata". Ni muuza maji na mkokoteni wake: barabara iwe na njia nane, akishamwaga madumu yake lazima arudi bombani ndipo alete mengine. Piga hesabu mwenyewe. Safari ya kwenda na kurudi ikiwa milisekunde 200, unapata megabiti 2.6 kwa sekunde, hata kama umelipia megabiti 100!

Dawa ilikuwepo tangu 1992: kanuni iliyokuza kiasi hicho cha kupokea, kiitwacho dirisha, kutoka kilobaiti 64 hadi gigabaiti 1. Ni mara 16,384! Lakini enzi za Windows XP watu walilazimika kuingia kwenye rejista ya Windows na kuandika namba kwa mkono ndipo waione faida yake.

Kuanzia Windows Vista kompyuta hujipimia dirisha yenyewe kulingana na urefu wa njia. Hebu fungua cmd, andika netsh int tcp show global, utafute mstari wa auto-tuning. Ukisoma normal, uko salama. Ukisoma disabled, kuna mtu aliwahi kufuata ushauri wa zamani kwenye mashine hiyo, na umerudishwa kwenye zile kilobaiti 64 bila kujua.

Umewahi kujiuliza kwa nini programu za kupakua mafaili zilikuwa kasi kuliko kivinjari? Zilifungua njia nne, tano, nane kwa faili moja. Kila njia ina dirisha lake, kwa hiyo 2.6 mara nne ni 10.4. Hakuna uchawi, ni hesabu ya darasa la tatu.

Wajua kwamba kabla ya Julai 2009 pwani yote ya Afrika Mashariki, kuanzia Somalia hadi Msumbiji, haikuwa na kebo hata moja ya kimataifa ya intaneti ya baharini inayofanya kazi? Tulitegemea setilaiti zilizo kilomita 35,786 juu ya ikweta. Swali linapanda na kushuka, jibu nalo linapanda na kushuka: kilomita 143,000 na zaidi kwa kubofya mara moja. Mwanga wenyewe, wenye kasi kuliko kitu chochote, huimaliza safari hiyo kwa karibu nusu sekunde!

Rudisha lile dirisha la baiti 65,535 kwenye setilaiti hiyo, yenye safari ya milisekunde kama 550. Unapata chini ya megabiti 1 kwa njia moja. Ndiyo maana modemu nyingi za setilaiti zilifundishwa ujanja mtamu: zilijibu "nimepata" hapo hapo kwa niaba ya kompyuta iliyo ng'ambo ya pili, ili mtumaji asisimame. Pakiti bado ziko angani, risiti imeshatoka!

Tarehe 23 Julai 2009 SEACOM ikawashwa. Mwaka uliofuata ikaja EASSy, kebo ya kilomita kama 10,000 kutoka Port Sudan hadi Mtunzini, Afrika Kusini. Ndani ya faiba mwanga huenda kilomita 200,000 hivi kwa sekunde, kwa hiyo kebo nzima hiyo huimaliza kwa milisekunde 50. Upepeso mmoja wa jicho ni mrefu zaidi.

Na setilaiti mpya zilizo karibu, kama zile za Starlink zilizofika Kenya Julai 2023? Ziko kilomita kama 550 tu juu. Ziko karibu zaidi, mara 65 hivi, kuliko zile za zamani! Usibadilishe chochote kwenye laptopu, na bado kurasa zitafunguka upesi zaidi, kwa sababu mbingu imesogezwa chini.

Hii ya nanga inanifurahisha na kunitisha kwa pamoja. Februari 2012 meli moja ilishusha nanga nje ya bandari ya Mombasa ikaikata kebo ya TEAMS, inayokwenda hadi Fujairah kule Falme za Kiarabu. Na tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika siku moja, intaneti ya Tanzania na majirani ikazorota. Siku kama hizo hata ukiwa na mipangilio bora duniani, pakiti zako zinazungushwa njia ya mbali.

Wajua kwamba kuna wakati barua pepe kutoka mtaa mmoja wa Nairobi kwenda mtaa wa pili ilipita ng'ambo ya bahari kwanza? Kampuni za intaneti hazikuwa na mahali pa kukutana nyumbani. KIXP, kituo cha kubadilishana data, kilizinduliwa Novemba 2000, kikafungwa kwa amri mwezi uliofuata, kikafunguliwa tena Februari 2002. Safari ya milisekunde 200 hadi 600 ikashuka hadi 2 mpaka 10!

Sogea karibu, hii nairudia kwa kila mtu. Trey Harris, aliyekuwa fundi wa mifumo katika chuo kikuu huko North Carolina, alisimulia mwaka 2002 kisa cha mkuu wa idara ya takwimu aliyempigia simu kulalamika kwamba barua pepe zao haziendi zaidi ya maili 500. Maili! Fundi alidhani anataniwa. Akajaribu: New York, ndani ya umbali huo, ilifika. Providence, nje kidogo, haikufika. Memphis haikufika. Wanatakwimu walikuwa wamefanya utafiti wao na ramani wakachora.

Kumbe mtu alisasisha seva akairudisha programu ya barua kwenye toleo la zamani, na toleo hilo halikuielewa mipangilio mipya. Muda wa kusubiri jibu ukasomeka sifuri. Kwa mashine ile, sifuri ilikuwa milisekunde 3 hivi kabla ya kukata tamaa. Na wajua mwanga husafiri umbali gani kwa milisekunde 3? Kilomita 899, yaani maili 558. Mstari mmoja ndani ya faili la mipangilio ukawa mpaka kwenye ramani ya Marekani!

Kuna watu wanaolipia milisekunde ghali kuliko wewe unavyolipia bando. Mwaka 2010 kampuni ya Spread Networks ilikamilisha njia ya faiba ya kilomita kama 1,330 kati ya Chicago na New Jersey, iliyonyooka kuliko zote, kwa takriban dola milioni 300. Faida yake kwa wafanyabiashara wa hisa ilikuwa milisekunde tatu hivi.

Na kinyume chake? Soko la hisa la IEX limezungusha kilomita 61 za faiba ndani ya kisanduku kwa makusudi ya kuchelewesha kila agizo kwa sehemu 350 za milioni za sekunde. Hapo ucheleweshaji ndio bidhaa yenyewe!

Tuingie ndani ya nyumba yako sasa. Wajua kwamba unaweza kuiharakisha intaneti kwa kuipunguza kasi? Ruta na modemu nyingi zina kumbukumbu kubwa inayopanga pakiti foleni, na foleni hiyo ikijaa, kila ombi dogo linasubiri mgongoni mwa faili kubwa. Jim Gettys aliliona jambo hili nyumbani kwake mwaka 2010: kupandisha faili tu kuliifanya safari ya kwenda na kurudi izidi sekunde nzima.

Dawa ikatoka 2012 kwa mikono ya Kathleen Nichols na, umekisia, Van Jacobson! Inaitwa CoDel, nayo haijali foleni ina pakiti ngapi. Inajali pakiti imekaa foleni kwa muda gani. Kama ruta yako ina kipengele cha SQM, kiwashe, kisha uweke kasi kama asilimia 90 ya ile uliyopimiwa. Unatoa megabiti chache, na simu ya video inaacha kukatika hata mdogo wako akipakua filamu.

Jaribu hii leo usiku. Andika ping -t 8.8.8.8 kwenye Windows, amri inayopima safari ya kwenda na kurudi, uache namba zikitiririka, kisha mwambie mtu apandishe video ndefu. Ukiona milisekunde 40 zimekuwa 800, umeikamata foleni kwa macho yako.

Tena wajua kwamba kupandisha kunaweza kuua kupakua? Kila data inayoshuka lazima irudishiwe "nimepata" kwa njia ya kupanda. Njia hiyo ikijaa picha zinazojihifadhi mtandaoni, majibu yanakwama, na seva ya mbali inadhani wewe ndiye uliyechoka. Zima hifadhi ya picha kwa nusu saa uone.

Twende kwenye DNS, kitabu cha simu cha intaneti. Kabla ya 1983, majina ya kompyuta zote yaliandikwa kwenye faili moja tu lililotunzwa California na kundi la Elizabeth Feinler! Kompyuta mpya ikija, wenyewe waliwaomba wao waiandike. Paul Mockapetris akabuni DNS kwa sababu faili lile lilikuwa limeelemewa.

Faili hilo halijafa. Lina mjukuu ndani ya kompyuta yako: kwenye Windows liko C:\Windows\System32\drivers\etc, jina lake hosts. Kompyuta hulisoma kabla ya kumuuliza mtu yeyote.

Wajua huduma ya DNS ya 1.1.1.1 ilizinduliwa tarehe gani? Tarehe 1 Aprili 2018, kwa sababu Wamarekani huandika mwezi kwanza, 4/1, na namba hiyo ina moja nne. Kabla ya hapo anwani ile ilikuwa jalala: mafundi wa dunia nzima waliiandika kwenye majaribio yao bila kufikiri, ikawa inamiminiwa takataka za data mchana na usiku. Google walitangulia na 8.8.8.8 Desemba 2009.

Kubadili DNS hakuongezi hata biti moja ya upana wa njia yako, na anayekuahidi vinginevyo anakudanganya. Lakini ukurasa mmoja wa habari unaweza kuita majina kadhaa ya seva, na kila jina ni swali na jibu. Kama DNS ya kampuni yako ya intaneti hujibu kwa milisekunde 150 na nyingine hujibu kwa 10, utausikia utofauti kwenye ule ukimya kabla ukurasa haujaanza kuonekana.

Haya, seva mama za DNS zina majina 13 tu kwa dunia nzima, A mpaka M. Yalibaki 13 kwa sababu orodha yote ilitakiwa kuenea kwenye ujumbe mmoja wa baiti 512! Lakini nyuma ya majina hayo kuna mashine zaidi ya 1,000, zingine zikiwa Nairobi, na swali lako hujipeleka kwa iliyo jirani.

Pakiti yako ina ukubwa gani? Hadi baiti 1,500, kipimo kilichowekwa 1980 wakati kumbukumbu za kompyuta zilikuwa ghali kama dhahabu. Video unayotazama leo bado inakatwakatwa kwa kisu cha mwaka huo!

Sasa angalia kwa karibu. Andika ping -f -l 1472 8.8.8.8 ukiwa Windows. Kwa nini 1472? Kwa sababu vichwa vya pakiti hula baiti 28, na 1472 na 28 ni 1,500 kamili. Ikipita, njia yako ni nzima. Ikigoma na kudai pakiti igawanywe, shuka: 1464 inapita? Jumlisha 28, unapata 1,492. Hiyo ndiyo namba ya wanaoingia kwa PPPoE, ambayo huchukua baiti 8 kwa ajili yake yenyewe. Ruta yako ikisema 1,500 wakati njia inabeba 1,492, tovuti zingine zitafunguka nusu na kukaa zinazunguka. Baiti nane tu, na mtu amepiga simu huduma kwa wateja wiki nzima!

Ukibonyeza herufi moja kwenye programu ya mbali, wajua kinachosafiri? Baiti 41! Moja ni herufi yako, 40 ni vichwa vya pakiti. John Nagle, wa Ford Aerospace, aliliona hilo mwaka 1984 akaweka kanuni ya kukusanya herufi kabla ya kutuma. Wacheza gemu wa leo huizima, kwa sababu wao wanataka risasi itoke sasa hivi, peke yake, na vichwa vyake vyote.

Mwaka 2007 wenye Windows Vista waligundua jambo la kushangaza: ukicheza muziki, mtandao unapungua kasi! Ni kweli kabisa. Windows ilijiwekea kikomo cha pakiti 10 kwa kila milisekunde ili wimbo usikwaruze, na kwenye mitandao ya gigabiti kikomo kile kiliuma. Namba hiyo bado inabadilishwa ndani ya rejista, na intaneti ya nyumbani isiyo ya kasi sana haiifikii kwa urahisi.

Umewahi kuambiwa Windows imekuibia asilimia 20 ya intaneti, na ukienda mahali fulani ukaandika sifuri utarudishiwa? Uvumi huo umezunguka tangu XP. Microsoft walieleza wazi: nafasi hiyo hutengwa tu pale programu maalumu inapoiomba, na isipoombwa asilimia 100 ni yako. Watu wengi wameandika sifuri ile!

Hii nayo ilikuwa kweli: Agosti 2004 Windows XP SP2 iliweka kikomo cha majaribio 10 ya kuunganisha ambayo hayajakamilika kwa wakati mmoja. Lengo lilikuwa kuwavunja miguu minyoo ya kompyuta iliyokuwa ikisambaa kwa kugonga milango maelfu. Wapakuaji wakachukia, wakalichokonoa faili la mfumo lenyewe wakibadili 10 kuwa 100.

Na Internet Explorer? Ilifungua njia mbili tu kwa kila seva, kwa kufuata kanuni iliyoandikwa wakati wa modemu za simu. Toleo la 8 la mwaka 2009 likapandisha hadi sita, na picha zikaanza kushuka kwa mkupuo.

Wewe unayewasha hotspot ya simu, sikiliza vizuri. Windows yako inaweza kudhani hiyo ni Wi-Fi ya bure isiyo na mwisho, ikaanza kupakua masasisho mpaka bando likate! Nenda kwenye mipangilio ya mtandao huo, uutie alama ya muunganisho wenye kikomo. Na tangu Windows 10, kompyuta inaweza hata kuwagawia kompyuta nyingine masasisho iliyokwisha kupakua. Kwenye mipangilio ya masasisho kuna swichi ya kuzima ukarimu huo.

Wajua moja ya teknolojia muhimu za Wi-Fi ilizaliwa wapi? Kwa watu waliokuwa wakitafuta mashimo meusi yanayolipuka angani! John O'Sullivan na wenzake wa Australia walibuni hesabu za kusafisha ishara dhaifu za redio. Mashimo hawakuyaona, ila hesabu zile zikawasaidia kusafisha mawimbi yanayodunda kwenye kuta za nyumba. Shirika lao, CSIRO, likavuna zaidi ya dola milioni 400 za Australia kwa hataza hiyo.

Australia hiyo hiyo, kwenye darubini ya redio ya Parkes, wanasayansi walinasa ishara za ajabu kuanzia 1998. Zimetoka wapi? Galaksi gani? Mwaka 2015 jibu likapatikana: maikrowevu ya jikoni! Mtu mwenye njaa alipoufungua mlango kabla ya kengele kulia, mawimbi yalichoropoka.

Sasa jua kwamba maikrowevu hufanya kazi kwenye gigahezi 2.45 hivi, na Wi-Fi yako ya kawaida iko 2.4. Ni majirani wa ukuta mmoja. Chai ikipashwa moto, simu ya video inatetemeka. Hamia 5 gigahezi, lakini ujue hiyo huchoka haraka ikikutana na ukuta wa matofali.

Chaneli za 2.4 ni 13 sehemu nyingi za dunia. Zisizogongana ni tatu tu: 1, 6 na 11! Jirani mjuaji akichagua 3 ili akae peke yake, amewasumbua wa 1 na wa 6 kwa pamoja, na yeye mwenyewe amepigwa kelele kutoka pande zote mbili.

Simu moja iliyo uani, yenye mstari mmoja tu wa ishara ya Wi-Fi, inaweza kuwachelewesha nyote mlioko sebuleni. Hewani huongea mmoja kwa wakati, na anayeongea polepole hushika zamu muda mrefu. Msogeze karibu, wote mtapumua.

Hii wengi hawaiamini: diski ya nje ya USB 3.0 inaweza kuiua Wi-Fi yako. Intel walilionyesha hilo 2012. Data ikipita kwenye USB 3.0 hutoa kelele ya redio kwenye 2.4 gigahezi, pale pale Wi-Fi na kipanya chako kisicho na waya vinaposikiliza. Isogeze diski kwa kebo ndefu kidogo, basi.

Pakiti 1 ikipotea katika kila 100, unadhani utapoteza asilimia 1 ya kasi? Thubutu! Kwa kanuni za kale za TCP, kwenye safari ya milisekunde 200, asilimia hiyo moja inakushusha chini ya megabiti 1 kwa sekunde. Hata uwe na njia ya megabiti 1,000.

Chukua kebo yako ya mtandao uitazame kwenye mwanga, pale kwenye kichwa cha plastiki. Nyaya nane, kwa mpangilio ambao fundi hupanga akiwa amefumba macho: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Wajua kwamba kwa megabiti 100 zinafanya kazi nne tu, za chungwa na za kijani? Za bluu na kahawia zinalala. Kwa megabiti 1,000 zote nane zinaamka.

Kwa hiyo waya mmoja wa bluu ukikatika, kompyuta hailalamiki hata kidogo. Inashuka kimya kimya hadi 100, na unaishi hivyo miaka mitatu ukiilaumu kampuni ya intaneti. Fungua hali ya kadi ya mtandao usome kasi ya muunganisho. Ikisema 100 wakati ruta na kadi vyote ni vya gigabiti, kabla ya kugusa mpangilio wowote, badilisha kebo!

Umelipia megabiti 20 na faili linashuka kwa 2.5? Hujaibiwa. Biti nane ni baiti moja; kampuni inauza kwa biti, kompyuta inahesabu kwa baiti, na 20 gawanya kwa 8 ni 2.5.

Modemu maarufu ya Hayes ya mwaka 1981 ilienda biti 300 kwa sekunde. Picha moja ya megabaiti 3 kutoka simu ya leo ingechukua zaidi ya saa 22! Na zile kelele za modemu zilizoamsha nyumba nzima? Ulizizima kwa herufi nne: ATM0.

Septemba 2009, Afrika Kusini, njiwa aitwaye Winston alifungwa kadi ya gigabaiti 4 mguuni akarushwa kutoka Howick hadi Durban, kilomita 80 hivi. Aliruka kwa saa 1 na dakika 8. Pamoja na kuihamisha data kwenye kompyuta, saa 2 na dakika 6. Laini ya ADSL ilikuwa imefikisha asilimia 4! Njiwa huyo ni sawa na megabiti 4.2 kwa sekunde.

Kuna hata kanuni rasmi ya kusafirisha pakiti kwa njiwa, iliyotolewa 1 Aprili 1990. Wanorwe wa Bergen waliitekeleza kweli mwaka 2001: ping tisa zikatumwa, nne zikajibiwa, na iliyowahi kuliko zote ilichukua dakika 53 na ushee. Ping yenyewe iliandikwa Desemba 1983 na Mike Muuss kwa jioni moja tu.

Hii ya mwisho uijaribu ukiwa hapo ulipo, hata kama bando limekata. Katika anwani bilioni 4.3 za intaneti ya IPv4, zaidi ya milioni 16.7 zimetengwa ili kompyuta iongee na nafsi yake: chochote kinachoanza na 127. Ukiwa kwenye Windows au Linux andika ping 127.5.5.5, au weka siku na mwezi wako wa kuzaliwa, kwa mfano ping 127.0.24.8. Itakujibu kwa chini ya milisekunde 1, bila waya, bila mnara, bila senti!